Naomba ushauri: kufundisha mawimbi ya sumakuumeme bila maabara

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha nne hapa Tanga, na shule yetu haina maabara.

Infraredi nimeipatia njia. Ukielekeza rimoti ya TV kwenye kamera ya simu na kubonyeza, kwenye kioo kinaonekana kinukta cheupe chenye uzambarau ambacho macho matupu hayakioni (kamera nyingine za nyuma huichuja, jaribuni ya mbele). Darasa zima lilitaka kushika. Redio ya FM nayo haisumbui: megahezi 88 hadi 108, urefu wa wimbi kama mita 3, tunaupima ukutani.

Ninapokwama ni eksirei. Vijana wananiuliza, "Mwalimu, mnara wa simu si unatoa mionzi ileile ya eksirei ya hospitali ya Bombo?" Nawaeleza kwamba yote husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, ila eksirei ina nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomu, mawimbi ya simu hayana. Wanaandika, lakini nyuso zinasema hawajaamini, na jambo hili linaninyima raha kwa sababu hofu hiyo ya minara wanaipeleka nyumbani.

Nimefikiria taa ya urujuanimno (UV) ya kukagulia noti. Chini yake alama za noti zinang'aa, ila tochi nyekundu hata iwe kali vipi haiziwashi. Je, hilo linatosha kuonyesha kwamba kinachohesabika ni nishati ya kila fotoni (kifurushi kimoja cha mwanga), siyo ukali wa mwanga? Na macho ya watoto niyakingeje? Aliyewahi kulifanya darasani naomba anielekeze.