Naombeni ushauri: uwiano wa 3:1 unanigomea

Habari zenu wakuu. Namfundisha mdogo wangu mambo ya jeni na kurithi, mtihani umekaribia, na tumekwama.

Kitabu kinasema njegere ndefu mbili zenye Tt (T ni jeni ya urefu, t ya ufupi; mmea huwa mfupi ukiwa tt tu) zikichavushana, kizazi kinachofuata kitatoka 3:1, ndefu kwa fupi. Mraba wa Punnett (jedwali la kupanga jeni za wazazi wawili) tumeuchora, tumeuelewa. Ili aamini, tukarusha sarafu mbili kwa pamoja, kichwa kikiwa T, upande wa pili t. Mara 16. Nilitegemea tt ziwe 4; zikatoka 7! Dogo akaniangalia, akafunga daftari.

Najua hata Mendel, yule mtawa aliyegundua uwiano huu kwa njegere, hakupata 3:1 kamili: mbegu za mviringo 5,474, zilizokunjamana 1,850. Ila yake ilikaribia mno, yangu iko mbali.

Sasa, je, tatizo ni kurusha mara chache tu? Turushe walau mara ngapi?

Halafu anang'ang'ania kwamba mimea mitatu ya kwanza ikitoka mirefu, wa nne lazima uwe mfupi. Nimemwambia hapana, lakini akiniuliza kwa nini, naishia kung'aa macho. Mnaomfundisha mtoto kitu hiki mnakielezaje?