Maktaba ya Haskell inakataa tokeni moja na kukubali nyingine. Wajuvi nisaidieni

Kijana wa Isyesye
Habari za jioni wakuu, na poleni na baridi kwa mlioko huku Mbeya.

Nina programu ndogo nimeiandika kwa Haskell, lugha ya kuandikia programu. Kazi yake ni kuingia GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi za programu) kwa njia ya API, yaani mlango wa programu kuongea na programu, kuvuta tiketi zote (kazi na hitilafu zilizoandikwa humo) za repo moja ya kazini, yaani ghala moja la kodi, na kuzitoa kama jedwali: namba, kichwa, nani kapangiwa, ilifungwa lini. Natumia maktaba inayoitwa github, ile ya kwenye Hackage, ghala la maktaba za Haskell.

Shida ni hii. Nikiweka tokeni ya kwanza (ule ufunguo wa siri wa kuingilia) narudishiwa Left, yaani jibu la kosa, na ndani yake 404, "haipatikani". Nikiweka tokeni ya pili, repo ileile na mistari ileile, inavuta bila kinyongo. Sasa najiuliza, maktaba ina hitilafu? Au inaikata tokeni ikiwa ndefu? Maana ile ya kwanza ni ya aina mpya, inaanza na github_pat_ na ni ndefu kweli.

Halafu hata inapovuta, hesabu haikai. Tiketi nilizofunga kwa mkono wangu hazimo, na humo ndani kuna vitu ambavyo si tiketi. Jedwali nalihitaji kabla ya Jumatatu. Msaada tafadhali.

Chui wa Uyole
Haskell? Mkuu unajitesa bure. Python mistari mitano umemaliza unakunywa supu Mwanjelwa.

Mtoto wa Nzovwe
Ngoja waje wajuvi. Mimi nimesoma "Haskell" nikadhani dawa ya kupulizia kahawa.

Fundi Baridi
Nianze na hesabu, hiyo ni nyepesi. API ya GitHub usipoiambia kitu inakupa tiketi zilizo wazi tu. Zilizofungwa lazima uziombe, kwa hiyo kwenye issuesForRepoR, ile amri ya kuvuta tiketi, weka stateAll. Vile vitu ambavyo si tiketi ni pull request, yaani maombi ya kuingiza mabadiliko ya kodi. GitHub inazihesabu kama tiketi, ndiyo maana zinakuja kwenye orodha moja. Kwenye maktaba hiyo kila tiketi ina sehemu ya issuePullRequest ambayo ni Maybe, yaani kitu huenda kipo (Just) au hakipo (Nothing). Ikiwa Nothing ni tiketi halisi, ikiwa Just itupe:

V.filter (isNothing . issuePullRequest)

Angalia pia umeweka FetchAll. API inatoa 30 kwa ukurasa usiposema, mwisho 100, na ukurasa unaofuata unatajwa kwenye heda (maelezo ya juu ya jibu) iitwayo Link. FetchAll inaufuata yenyewe mpaka mwisho. Chui, hiyo Python yako ya mistari mitano ingemletea 30 na angekwenda nazo kwa bosi akidhani ndizo zote.

Kuhusu 404 nitarudi, natoka kidogo.

Chui wa Uyole
Basi mistari kumi.

Mama Nyanya Ilula
Mwanangu mimi sijui hayo ya tokeni, ila nimesoma kwamba una haraka ya Jumatatu. Haraka ndiyo iliyonimaliza mimi. Nilipakia nyanya usiku kwa dalali niliyemjua kwa simu tu, kufika sokoni simu haipatikani. Andika vitu vyako kwenye daftari, na ujue unafanya kazi na nani.

Kijana wa Isyesye
Shikamoo mama, nimekusikia.
Fundi Baridi, ubarikiwe. Nimeweka stateAll na ule mchujo, tiketi zangu zimetokea zote. Sasa imebaki 404.

Fundi Baridi
Nimerudi. Hiyo 404 si ya maktaba. Maktaba imefanya kazi yake: imekuletea Left badala ya kukuzimia programu, na ndani yake umepewa jibu la seva lilivyo. Tokeni ikikatwa, ikikosewa au ikiwa imefutwa, GitHub inarudisha 401, yaani hujatambulika. Ukipata 404 kwenye repo ambayo si ya wazi, maana yake umetambulika, ila huna ruhusa ya kuiona, na hawataki hata kukuthibitishia kwamba ipo. Aidha tokeni haikupewa repo hiyo wakati wa kuitengeneza, au akaunti yenyewe haimo tena kwenye repo.

Swali langu: tokeni ya kwanza ni ya nani, na ya pili ni ya nani?

Kijana wa Isyesye
Zote za kazini mkuu.

Fundi Baridi
Sikuuliza zinatumika wapi. Tokeni ya aina hiyo huzaliwa na akaunti ya mtu. Ni akaunti za nani?

Karani Mstaafu
Na mimi niulize. Fungua GitHub kwa kivinjari, ingia kwa akaunti yako, andika anwani ya repo. Unaiona?

Kijana wa Isyesye
Sioni.

Haya, wacha niseme. Ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya bosi. Lakini sikuiiba, alinitumia mwenyewe WhatsApp mwaka jana ili programu ya ripoti za kila wiki iende kwenye seva, na hakuwahi kuniambia niifute. Niliondoka pale mwezi uliopita. Nadai mshahara wa miezi mitatu. Nilipouliza nikajibiwa kwamba sikuwa mwajiriwa, nilikuwa "nakuja kujifunza". Mkataba sikupewa. Zile tiketi ndizo ushahidi pekee kwamba nilifanya kazi: zina jina langu, zina tarehe, na mengine aliyaandika yeye, fanya hiki, rekebisha kile. Jumatatu naenda kwenye usuluhishi. Sasa niambieni mngekuwa ninyi mngeziacha?

Mtoto wa Nzovwe
Uzi umeanza na Maybe umeishia mahakamani. Nasogeza kiti.

Bwana Kisu
Vijana wa sasa miezi mitatu mnalia. Mimi nimefanya kazi Makambako kwa mtu mwaka mzima nalipwa chakula, leo nina gereji yangu. Uvumilivu mdogo.

Chui wa Uyole
Bwana Kisu, na huyo aliyekulisha mwaka mzima sasa hivi ana gereji ngapi?

Karani Mstaafu
Tuache gereji. Kijana, nisikilize. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Alikupa tokeni kwa kazi ya ripoti, na kazi hiyo imeisha. Kwamba hakukwambia uifute hakukupi ruhusa ya kuendelea kuingia. Ukiweka jedwali hilo mezani, swali la kwanza litakuwa umelipata vipi, na siku hiyo mtaacha kuzungumzia mshahara wako mtaanza kuzungumzia kosa lako.

Fundi Baridi
Naongezea la kiufundi. Mwenye tokeni akifungua mipangilio ya akaunti yake anaona ilitumika lini mara ya mwisho. Na wewe umeshaitumia. Usidhani hujulikani.

Kijana wa Isyesye
Nimewaelewa wakuu, ila kuona si kuiba. Sijabadilisha kitu, sijafuta kitu, nasoma tu. Na nimeshavuta zote jana baada ya ile stateAll, faili lipo kwenye flashi. Swali langu lilikuwa la 404, na limejibiwa. Labda mnisaidie kitu kimoja, jinsi ya kuonyesha saa kwa saa zetu, maana API inatoa UTC, saa ya dunia.

Mpelelezi wa Uzi
Samahani wadau, mimi naona tunanyweshwa chai hapa, na hata ya Tukuyu haifikii hii.

Moja, kampuni ndogo Mbeya inatengeneza ripoti kwa Haskell? Nani aliyemwajiri huyo, profesa? Pili, mwanzo alisema "repo ya kazini", sasa hana kazi. Tatu, na hii ndiyo tamu, nimeingia kwenye nyuzi zake za zamani. Huyuhuyu Kijana wa Isyesye alileta uzi akiomba ushauri wa miche ya parachichi ya Hass, shamba lipo Rungwe, na akajitambulisha kuwa ni mkulima mwenye familia. Leo ni mwanaprogramu asiyelipwa. Kesho atakuwa rubani.

Mtoto wa Nzovwe
😂😂😂 Mpelelezi hana huruma.

Mama Nyanya Ilula
Miche ya Hass ulinunua wapi mwanangu? Hata kama ni chai, hapo nijibu.

Kijana wa Isyesye
Mpelelezi, shamba ni la mama, akaunti tunatumia wote wawili nyumbani, na yeye ndiye mwenye familia. Haskell hawakuniajiri kwa ajili yake. Walitaka ripoti kila Ijumaa, hawakujali imeandikwa kwa nini, nami nilikuwa najifunza usiku nikaiandika kwa hicho ninachokipenda. Laptopu yangu ni ya RAM 4GB, aeson (maktaba nyingine ambayo ile ya github inaihitaji) ikianza kukompaili naiacha naenda kulala. Ukitaka uthibitisho uliza swali.

Mpelelezi wa Uzi
Sawa. Kwenye maktaba hiyo kuna issueId na issueNumber. Ukitaka kumtajia mtu tiketi unampa ipi?

Kijana wa Isyesye
issueNumber. Ndiyo ile unayoiona kwenye anwani baada ya /issues/. issueId ni namba ndefu ya GitHub nzima, mtu wa kawaida haimsaidii. Na hili nililijua kwa machozi, jedwali langu la kwanza lilikuwa na namba ambazo bosi alidhani ni za simu.

Mpelelezi wa Uzi
Haya, chai naimwaga. Lakini parachichi bado nina shaka nazo.

Chui wa Uyole
Hass ya kubebeshwa inaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Mshahara wako ukisubiri usuluhishi unaweza kutangulia parachichi au zikatangulia zenyewe.

Bwana Kisu
Njombe sasa hivi watu wanang'oa mahindi wanapanda parachichi. Mimi nilishauri hilo zamani hapahapa jukwaani mkanicheka.

Fundi Baridi
Parachichi mfungue uzi wake jamani.

Kijana, akaunti yako ya GitHub imesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Yako au ya ofisi?

Kijana wa Isyesye
Yangu. Ileile tangu chuo.

Fundi Baridi
Basi unahangaika na tokeni ya mtu wakati ushahidi umelala kwako. Kila ulipopangiwa tiketi, kila alipokutaja, kila alipoandika chini ya tiketi yako, GitHub ilikutumia barua pepe, labda kama ulizima arifa. Fungua kikasha chako, tafuta zilizotoka notifications@github.com. Ndani kuna heda inaitwa X-GitHub-Reason, na ulipopangiwa kazi imeandikwa assign. Repo wamekutoa, lakini barua hizo zilitumwa kwako na hawawezi kuzirudisha. Jina lake, maneno yake, tarehe na saa.

Karani Mstaafu
Hapo sasa mnaongea. Changanya na zile WhatsApp za kukutuma kazi, na miamala ya simu kama aliwahi kukulipa hata mara moja.

Na huo mkataba usikutishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15: mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi au zile taarifa za maandishi za ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira ni wake. Lakini umesema "naenda usuluhishi Jumatatu". Umeitwa, au unakwenda kufungua? Kuachishwa kazi ni siku 30 kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, mshahara ukiwemo, siku 60. Ukichelewa unaanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu.

Kijana wa Isyesye
Sijaitwa. Nilikuwa naenda kufungua. Nilitaka kwanza jedwali likamilike.

Karani Mstaafu
Jedwali halifungui shauri. Kinachofungua ni fomu ya Tume, CMA F1, na nakala umpe mlalamikiwa kwanza, utunze uthibitisho kwamba ameipokea. Usisubiri Jumatatu kuuliza fomu inapatikana wapi, uliza kesho.

Mama Nyanya Ilula
Msikilize Karani, mwanangu. Na hiyo flashi itupe.

Kijana wa Isyesye
Ndaga fijo wote. Nimefungua barua pepe, zipo. Nyingi kuliko nilivyodhani, mpaka ile aliyoandika "leo usitoke ofisini mpaka hii iishe". Tokeni yake nimeiondoa kwenye programu. Flashi sijaitupa mama, naiweka tu, siipeleki popote.

Karani Mstaafu
Kuiweka nako ni uamuzi. Usije ukasema hukuambiwa.

Chui wa Uyole
Kwa hiyo barua pepe zilikuwepo muda wote. Sasa Haskell ya nini?

Kijana wa Isyesye
Kuzipanga kwenye jedwali, mkuu. Nimeshaanza kuandika, aeson haihitajiki hata kidogo. Naona leo sitasubiri mpaka nilale.

Mtoto wa Nzovwe
Python mistari mitano 😂

Mama Nyanya Ilula
Na miche?

Kijana wa Isyesye
Mama amenisomea swali lako. Anasema njoo inboksi, bei ataitaja mwenyewe.