Cherehani ya zawadi ya mama imeungua dakika ya tatu. Muuzaji alibandika stika ya garantii juu ya volti!

Wakuu, poleni na majukumu. Nina hasira, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Mods, naomba uzi huu usihamishiwe kule kwenye matangazo ya biashara. Siuzi kitu. Nimeuziwa.

Iko hivi. Mama yangu ni fundi cherehani, yuko Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Kaptula za kaki, sketi za marinda, mashati ya shule, nusu ya watoto wa pale kwetu wamevaa mkono wake. Anatumia Singer nyeusi ambayo babu alirudi nayo kutoka migodini Afrika Kusini, enzi zile za Wenela, lile shirika lililokuwa likiandikisha vibarua wa migodi. Ilikuwa ya mkono, baadaye ikafungwa kwenye meza ya miguu. Namba yake inaanza na EF, nimeifuatilia mwenyewe, ni herufi za kiwanda cha Clydebank, Scotland, na kiwanda chenyewe kilifungwa 1980. Kiwanda kimekufa, cherehani inashona. Taabu yake ni moja tu: mkanda wa ngozi umechoka, mama kauunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na mpira ukipata unyevu unateleza. Sasa Tukuyu unyevu unakosekana lini?

Nilimuuliza nimletee nini safari hii. Akasema, "Mkanda tu, baba. Na bobini mbili tatu, hizi zimekula kutu."

Mimi nikajifanya wa mjini. Nimepokea zamu yangu ya upatu, halafu nipande gari na mkanda mfukoni? Nikaapa kwamba mwaka huu mama anashona kwa umeme.

Nikaingia duka moja hapa Mbeya mjini, silitaji jina, wenye kulijua watalijua. Nikamweleza kijana wa dukani kila kitu, na hili naomba mlishike maana nitalirudia: nilimwambia ni ya mama, mtu mzima, anashona kaki kila siku, anatumia umeme wa kawaida wa nyumbani, anaishi Tukuyu. Nilikuwa nimesimama mbele ya cherehani za miguu za Butterfly, zile nyeusi zenye maua ya dhahabu, naishika moja. Jamaa akacheka. "Bosi, mama kakulea mpaka umefika hapo, bado umpigishe baiskeli uzeeni?"

Wakuu, hapo ndipo nilipouzwa. Kabla ya cherehani niliuzwa mimi.

Akatoa kitu cheupe kizuri, Mjapani wa mtumba, kina kitaa kidogo juu ya sindano na kitufe cha kuzungusha cha kuchagua mshono. Akakiweka juu ya kaunta, akachomeka kwenye waya wa ekstensheni unaoingia chini ya kaunta, akapitisha kitambaa. Kikashona kama maji. Nilisikia kitu kinanguruma huko chini, nikajua friji ya soda. Alianza na laki nne, tukamalizana laki tatu na arobaini. Nikaomba risiti. "Ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei inapanda, nakuandikia hii ya kitabu." Nikakubali ya kitabu. Najua, najua. Mtanisema kwa hilo na mna haki, lakini nisemeni mkimaliza kusoma.

Garantii je? Akachukua stika nyekundu, MIEZI 6, akaibandika palepale nyuma karibu na tundu la waya, akaipiga na kiganja. Nilifurahi kabisa. Niliona kijana makini.

Nikaipakata kutoka Mbeya mpaka Tukuyu, kilomita sabini hivi, kwenye Coaster iliyojaa, nimeifunika kitenge kama mtoto mchanga. Pale Isyonje wauza viazi wanagonga dirisha, nikagoma hata kufungua nisije nikaigonga. Kufika nyumbani, majirani wamejaa sebuleni. Mama kavaa miwani, katunga uzi mwenyewe, kachukua kaptula ya mtoto mmoja iliyokuwa imebaki kiunoni, pale penye kaki nne juu ya nyingine. Nikachomeka ukutani.

Kwanza kitaa kilipiga PA! Vioo vidogo vidogo juu ya kaptula. Nikasema balbu tu hiyo, endelea mama. (Nilisema mimi. Siwezi kujisamehe.) Akagusa kikanyagio kwa kidole gumba cha mguu, kile kitu kikaondoka kama kimefukuzwa na nyuki. Hakikuongeza mwendo taratibu, kiliruka. Kaptula ikavutwa kutoka mikononi mwake, sindano ikapita nusu inchi na kidole chake cha shahada, ikavunjika, kipande kikagonga miwani. Kwenye miwani, wakuu! Asingevaa miwani leo nisingekuwa naandika uzi wa malalamiko, ningekuwa naandika kitu kingine. Halafu harufu, ile ya waya na plastiki, na moshi mwembamba ukitokea kwenye matundu ya ubavuni. Nikachomoa. Kimya. Jirani mmoja akasema "mwe!" basi.

Mama akavua miwani, akaifuta, akauliza taratibu, "Baba, imekufa?"

Akainuka, akaenda pembeni, akafunua Singer yake, akaukaza ule mpira wa baiskeli, akaimalizia kaptula ya watu. Aliyeileta alikuwa anaisubiri.

Kesho yake nikaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio pale mjini Tukuyu. Nikamwamkia, hakuifungua hata. Aliigeuza, akaitazama ile stika ya garantii, akaiuliza stika, siyo mimi: "Wewe unafanya nini hapa?" Akaibandua kwa ukucha. Chini yake kuna kibati kidogo cha fedha, maandishi yanasomeka vizuri kabisa: 100V 50/60Hz.

Kwa wasiojua kama nilivyokuwa sijui. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wa kwetu ni 230. Hiyo 50/60 ni kwa sababu wenyewe wamegawana nchi, upande wa Tokyo hezi 50, upande wa Osaka hezi 60, kwa hiyo vifaa vingi vyao vimetengenezwa kukubali zote mbili. Lakini volti ni 100, haina mjadala. Na mzee alinieleza kitu ambacho sikukijua: volti zikizidi mara mbili na kidogo, mzigo unaoingia kwenye waya wa mota hauzidi mara mbili na kidogo, unazidi mara tano na ushee, maana unajizidisha wenyewe kwa wenyewe. "Kijana, ulikuwa unailisha ugali wa watu watano kwa mpigo." Ndiyo maana ilikimbia vile, ndiyo maana ikaungua.

Na ule mngurumo chini ya kaunta? Transfoma. Haikuwa friji. Alikuwa na transfoma ya kushusha umeme kule chini, anajaribia wateja, halafu anakukabidhi mashine bila transfoma na anaziba maandishi kwa stika ya garantii. Huo siyo usahaulifu. Mtu aliyesahau hana transfoma chini ya kaunta!

Kinachoniua ni kwamba dawa yake ilikuwa ndogo. Angesema tu, "Bosi, hii inataka transfoma, ongeza hela kidogo," ningeongeza. Ningelalamika njiani lakini ningeongeza, na mama angekuwa anashona.

Nikarudi dukani Jumatatu. Majibu niliyopewa, kwa mpangilio huohuo: umeme wa kwenu Rungwe ndiyo mbaya, mama yako amekanyaga kwa nguvu, garantii haihusu kuungua. (Sasa inahusu nini, kuibiwa?) Mwisho akanigeuzia ile risiti ya kitabu, akaweka kidole kwenye mstari wa chini uliochapwa kwa wino wa zambarau: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Akanitazama kama amenisomea Msahafu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wakuu, hata kuliko hela. Huo mstari uko kwenye kila risiti nchi hii na sote tunaufuata kama vile Bunge liliupitisha. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ipo miaka na miaka, na ndani yake kuna jambo la wazi: mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kitu kiifanye, akategemea ujuzi wa huyo muuzaji, na kitu chenyewe ni cha biashara ya huyo muuzaji, basi kinatakiwa kiifae kazi ile. Rudini juu mkasome nilichomwambia kijana. Mama, kaki, umeme wa nyumbani, Tukuyu. Alijua. Halafu kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, hiyo iliyoleta FCC, yaani Tume ya Ushindani, nayo inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa. Stika juu ya volti kama siyo udanganyifu, basi neno hilo tulifute.

NYONGEZA: naona mmeshaanza.

Mkuu uliyesema "kwa nini hukumnunulia Butterfly ya miguu", umenikamata, sina jibu. Ile haijui volti. Ni chuma, mafuta na mguu, na vipuri vyake hata mnadani unavipata.

Uliyesema nimefuata ufahari, nalo ni kweli, mama mwenyewe hajalisema lakini nimeliona.

Uliyesema mota isukwe upya: mzee wa Tukuyu kasema mota inawezekana, ila ndani meno ya plastiki ya kuzungusha nayo yametafunika, pengine kwa ile kasi, pengine yalikuwa hivyo tangu Japani. Na hata ikipona, kaki nne siyo kazi yake. Ile ni ya kushonea gauni la Jumapili.

Na wewe unayeuza mitumba ya Kijapani uliyekasirika: sijasema zote mbovu. Nimesema igeuze mashine mbele ya mteja, aone kibati, umuuzie na transfoma yake. Na wanunuzi, mkiona ekstensheni inaingia mahali msipopaona, ombeni ichomekwe ukutani hapohapo. Nendeni na kipande cha kitambaa chenu cha kazi mkikunje mara nne. Mimi alinijaribia kwa kitambaa chake, kipande cha shuka laini, hata kijiti cha meno kingeshona kile.

Nataka laki tatu na arobaini yangu. Sitaki nyingine ya kubadilishiwa, sitaki "chukua pasi uongezee kidogo" kama alivyojaribu. Nina ile stika, mzee aliibandua nzimanzima, nimeibandika kwenye daftari pamoja na picha ya kibati. Jumamosi narudi pale dukani nimeibeba mashine, na safari hii nitaomba aichomeke ukutani kwake mbele ya wateja, bila ekstensheni. Nitaleta mrejesho.

Wakati huohuo, mwenye kujua wapi Mbeya mjini wanauza mkanda wa ngozi wa cherehani ya miguu, ule wa mviringo wenye pini ya chuma ya kuungia, aandike hapahapa kwenye uzi. Na bobini za Singer ya zamani, tatu.