Kundi la Familia ya Pasiansi, Mwanza: sato wa Wifi

Wifi (Buhongwa), 1:10 asubuhi: Shikamoo shangazi, hamjambo wote. Jana asubuhi nilinunua sato wanne soko la Mwaloni. Wawili niliwatoa matumbo nikawalaza kwenye deli (lile boksi la kutunza ubaridi) lenye barafu. Wawili nilichoka, nikawatia friji wazimawazima. Umeme umekatika tangu saa mbili usiku, haujarudi. Nikaange wote?

Shangazi (Mwaloni), 1:14: Marahaba mama. Usikaange kwanza. Barafu ya kwenye deli bado ipo?

Wifi, 1:15: Ipo, imepungua tu. Maji nilikuwa namwaga.

Shangazi, 1:19: Vizuri, samaki asiogelee kwenye yale maji ya damu. Sasa mfunue shavu. Matamvua yawe mekundu, yamelowa. Ukiona kahawia au kijivu na ute unaonata, huyo basi. Jicho liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limezama na ukungu mweupe. Halafu mbonyeze mgongoni. Nyama inyanyuke yenyewe, shimo lisibaki.

Wifi, 1:26: Wa deli wako hivyo hivyo ulivyosema. Wa friji mmoja tumbo limelegea, ubavuni pametoboka. Mwenzake anaonekana mzima, hata hanuki.

Shangazi, 1:28: Tupa wote wawili.

Kaka Mkubwa, 1:29: Hata huyo mzima shangazi? Akipakwa ndimu akakaushwa kwenye mafuta?

Shangazi, 1:35: Hata huyo baba. Friji bila umeme hushika ubaridi kama saa nne, tena usipolifungua. Hili limekaa saa kumi na moja, na samaki ana matumbo yake ndani. Si kila kijidudu kinatoa harufu. Moto unakiua, lakini zipo sumu kinazoacha kwenye nyama ambazo haziondoki kwa kukaangwa. Ndimu inaziba pua yako tu. Mimi niliona uchungu kutupa sangara mmoja, mwanangu akalala na dripu usiku kucha. Tangu siku hiyo sibishani na samaki.

Wifi, 1:41: Nimewafukia, paka wasiwafukue. Hawa wa deli je?

Shangazi, 1:43: Wapike leo mchana. Siku nyingine mtoe matumbo na matamvua hapo hapo sokoni, na kilo ya samaki iende na kilo ya barafu, chini na juu, hadi tumboni.

Kaka Mkubwa, 1:44: Niko Kirumba, nabeba barafu. Wifi, deli lisafishe kwa sabuni nakuja.