Msaada: "Niliibiwa simu" kwa Kiingereza inanikataa, nakosea wapi?

Mrudiaji_Moro:
Wakuu, habari za jioni. Narudia mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana nipo dukani nauza vipuri vya pikipiki, usiku ndiyo nashika daftari. Kinachonitesa ni kauli ya kutenda na ya kutendwa kwenye Kiingereza. Nilikariri kwamba shamirisho linakuja mbele, mtendaji anaenda nyuma, kabla yake unaweka "by". Nikipewa "Juma broke the window" naigeuza bila shida. Juzi tuliambiwa tutunge sentensi zetu wenyewe, nikaandika hizi:

"I was stolen my phone."
"The accident was happened yesterday."
"The cup was broken by itself."

Zote tatu nimekosa. Nikizisoma kwa Kiswahili naziona ziko sawa: niliibiwa simu, ajali ilitokea jana, kikombe kilivunjika chenyewe. Naomba mwenye kuelewa anieleweshe kwa nini. Kanuni ninazo daftari zima.

Binti_Kilosa:
Pole kaka, hata mimi nilipita hapo. Anza na umbo la tatu la kitenzi: break, broke, broken, write, wrote, written. Nilikuwa naandika "was stole", "was wrote", napoteza alama za bure. Niliyaandika kwenye karatasi nikabandika juu ya kitanda.

Mwalimu_wa_Jioni:
Mdogo wangu, umbo la tatu unalo, "stolen" na "broken" umeziandika vizuri. Tatizo liko kwingine. Rudi kwenye mnyambuliko uliosoma kwenye somo la Kiswahili: iba, ibwa, ibia, ibiwa. Simu imeibwa, lakini wewe umeibiwa. Kiswahili kinaweza kumleta mbele hata yule aliyepata hasara, kwa sababu ya ile "i" ya kutendea. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Ukitumia "steal", kinachoibwa ni simu, kwa hiyo simu ndiyo ikae mbele: "My phone was stolen." Ukitaka uanze wewe, sema "I had my phone stolen". Kama ulinyang'anywa kwa nguvu, kuna kitenzi kinachomchukua mtu mwenyewe: "I was robbed."

Ndiyo maana "nilifiwa na baba" inakuwa "My father died", na "nilipikiwa wali" inakuwa "Rice was cooked for me". Vipo vitenzi vichache vinavyokubali kama Kiswahili: give, tell, show, teach, send. Nilipewa kitabu, "I was given a book". Hivyo vijue kwa majina.

Ajali sasa. Hebu tazama vizuri, hata kwa Kiswahili hukusema "ilitokewa". Ulisema "ilitokea", hakuna "w" hapo. Uliweka "was" ukidhani ndiyo "li" ya wakati uliopita. Hili nimelisahihisha kwenye madaftari mengi sana kuliko kosa lingine lolote la kauli hizi. "Was" si "li". Wakati uliopita umeshakaa ndani ya "happened". Na kitenzi kisichobeba shamirisho, kama happen, die, arrive, disappear, hakina cha kuleta mbele, kwa hiyo hakitendwi.

Kikombe nacho: kuvunjwa kuna mvunjaji, kuvunjika hakumtaji. Kutendeka kwetu, Kiingereza mara nyingi kinakusema kwa kauli ya kutenda: "The cup broke." Basi.

Mrudiaji_Moro:
Mwalimu, shikamoo. Hiyo ya "was" na "li" imenifungua macho, nimefanya hivyo miaka yote. Swali: "alikatwa na panga" naweka "by"?

Mwalimu_wa_Jioni:
Marahaba. Panga ni kifaa, na Kiswahili fasaha ni "alikatwa kwa panga". Palipo na "kwa" ya kifaa weka "with", palipo na "na" ya mtendaji weka "by". "He was cut with a machete by a thief."

Fundi_Maabara:
Niongezee kidogo. Usilazimishe "by" kila mahali. Kazini kwetu ripoti zinasema "The sample was heated", kwa sababu aliyepasha hahusiki na matokeo. Hata kwenye historia: "The TAZARA railway was built between 1970 and 1975." Msomaji anataka reli na miaka. Mtendaji akiwa na uzito, hapo mtaje. Na kwa jambo linaloendelea usisahau "being": barabara inajengwa, "The road is being built". Ukiandika "is building", barabara ndiyo inajenga.

Mrudiaji_Moro:
Asanteni sana wakuu. Nimerudia zote: "My phone was stolen. The accident happened yesterday. The cup broke." Nimetunga na ya dukani: mteja aliuziwa kipuri kibovu, "The customer was sold a faulty part". Au nayo ni kama ya simu?

Mwalimu_wa_Jioni:
Hiyo ni sahihi kabisa, "sell" iko kundi moja na "give". Sasa chukua hii, "Nyumba ilihamiwa na wapangaji wapya", uniletee kesho.