Mafundi, hiyo "sawa bosi" yenu ina maana gani hasa?

Wakuu, leo natoa povu, mnivumilie.

Nilimpa fundi wa kuchomelea kazi ya geti. Nikamwambia tukiwa tumesimama palepale: lifungukie ndani, maana nje ni njia ya mtaa na bodaboda zinapita kama mshale. "Sawa bosi." Mlango mdogo ukae kushoto. "Sawa bosi." Tumeelewana? "Kabisa bosi, ondoa shaka." Nikatoa advansi nusu.

Jumamosi narudi, geti linafungukia nje. Mlango mdogo uko kulia. Namuuliza, ananijibu bila haya: "Bosi, niliposema sawa nilimaanisha nimekusikia."

Nimekusikia! Kumbe muda wote ule mimi nilikuwa redio?

Kuna sawa ya nimekubali, kuna ya nimesikia, kuna ya endelea kuongea, na kuna ile ya yaishe nikale. Umepewa ipi, hujui mpaka kazi iharibike. Na msione ni utani. Uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977, rubani msaidizi wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, alimwambia mwongoza ndege kwamba ndiyo wanaruka. Yule wa mnarani akajibu okei, kisha akawaambia wasubiri, ila mawimbi ya redio yakaingiliana na hilo la kusubiri halikusikika vizuri. Ndege mbili zikagongana, watu 583 wakafa. Baada ya hapo ikasisitizwa kwamba rubani asijibu okei tupu. Arudie agizo lenyewe.

Mama yangu hajasomea urubani, lakini kwake hutoki kwenda dukani kabla ya kuulizwa, "Haya, nimekutuma nini?" Ukijibu "nimesikia mama" unarudishwa, mpaka utaje chumvi, kiberiti na chenji ya kurudi nayo.

Kosa langu nalikubali: "tumeelewana?" ni swali la kipuuzi. Nani atajibu hapana mbele ya mtu aliyeshika hela? Ningemwambia anionyeshe kwa mkono geti litaelekea wapi.

Sasa anataka laki moja ahamishe bawaba na kupaka rangi upya. Silipi. Waliowahi kupelekana serikali ya mtaa kwa makubaliano ya mdomo, mlimalizanaje? Shahidi ninaye mmoja tu, mtoto wa jirani wa miaka 8, na anakumbuka vizuri kwamba nilisema ndani.