Newton kazaliwa mwaka aliokufa Galileo, kweli?

Wadau, kila mahali naona eti mwanafizikia Newton kazaliwa 1642, mwaka uleule aliokufa mwanasayansi mwenzake Galileo, kama wamepokezana kijiti vile. Kweli au watu wamejitungia?

> Ni kuchanganya kalenda tu mkuu. Galileo kafa 8 Januari 1642 kwa kalenda ya Gregory (hii tunayotumia leo), Newton kazaliwa Krismasi ya 1642 ila hiyo ni kalenda ya zamani ya Julius, Uingereza walikuwa bado wanaitumia na walikuwa nyuma siku 10, ukibadilisha unapata 4 Januari 1643.

> Ya ukweli ni ya mwanafizikia Stephen Hawking, kazaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili baada ya Galileo kufa, halafu akafa 14 Machi 2018, bethdei ya Einstein!!

> Sawa, ila siku aliyozaliwa Hawking walizaliwa watoto kibao, mbona hao hamuwataji 😂